Homa Ilipopanda Mlima: Tabia ya Nchi na Malaria katika Historia ya Nyanda za Juu za Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Mtu akiichunguza ramani ya vituo vya kwanza vya misheni za Kilutheri katika Afrika Mashariki, hatakosa kuona kwamba vingi vilijengwa milimani. Mlalo na Vuga viko Usambara. Machame na Mamba viko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Manow iko katika milima iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wanahistoria wa Kanisa wametoa sababu kadhaa: wingi wa watu, rutuba ya ardhi, mapatano na watawala wenyeji, na umbali kutoka pwani ambako Uislamu ulikuwa umekwisha kujikita. Sababu nyingine hutajwa kwa sentensi moja kisha hupitwa, nayo ni homa.

Makala haya yanakusudia kuichukua sababu hiyo na kuifuatilia kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Milima iliwalinda watu na malaria kwa namna gani? Ulinzi huo ulitegemea nini? Na je, utaendelea kuwapo wakati ambapo dunia inazidi kupata joto? Maswali haya ni ya wataalamu wa afya, lakini ni ya Kanisa pia, kwa kuwa sharika nyingi za nyanda za juu zilizaliwa katika ulinzi huo na bado zinaishi ndani yake.

Tutaona kwamba joto huamua mpaka ambao homa inaweza kuufikia, wakati matendo ya wanadamu ndiyo yanayoamua kama kweli itaufikia. Mchungaji atakayeshika upande mmoja tu wa jambo hili hataweza kuwaongoza vema watu wake.

2. Kukimbilia Milimani

Mwanzoni mwa mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana, alifika pwani yetu na kuishi Mombasa. Mwezi Julai mwaka huo huo homa ilimwua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa pia. Johannes Rebmann alipojiunga naye mwaka 1846, walihamia Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Hata hivyo wote wawili walianza kazi ya kituo hicho wakiwa wagonjwa wa homa. Historia ya Injili katika sehemu hizi, kwa hiyo, imeanza karibu na kaburi.

Siku zile wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba homa inaletwa na mvuke mbaya utokao katika vinamasi. Jina malaria lenyewe limetokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya. Kama hewa ndiyo inayoua, basi ni busara kuifuata hewa safi, na hewa safi iko juu. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianzisha kituo cha Mlalo, ambacho Wajerumani walikiita Hohenfriedeberg. Mwaka huo huo misheni ya Berlin iliingia nchi ya Wanyakyusa, na mwaka 1893 misheni ya Leipzig ilianza kazi Machame. Nadharia yao juu ya hewa ilikuwa na kosa, lakini mahali walipopachagua palikuwa salama kweli kuliko pwani.

Yatupasa kukumbuka kwamba wamisionari hawakuwa wa kwanza kuichagua milima. Wasambaa na Wachagga walikuwa wamekaa huko kwa vizazi vingi. Walishuka tambarare kulima mashamba ya msimu, kuwinda na kufanya biashara, lakini makao yao, migomba yao na makaburi yao yalikuwa juu. Nyika ilikuwa mahali pa kwenda na kurudi.

3. Jina Moja la Mdudu na Ugonjwa

Mwaka 1897 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani, naye alifika pia Usambara ili kuona kama ni kweli kwamba nchi hiyo ya juu haina malaria. Katika taarifa zake za mwaka 1898 aliandika habari ambayo inastahili kukumbukwa. Wenyeji wa Usambara walikuwa wakiuita ugonjwa uwapatao wakishuka tambarare kwa jina lile lile la mdudu: mbu. Waliamini kwamba mbu wa huko chini ndio wanaouleta.

Ronald Ross alikuwa amekwisha kuviona vimelea vya malaria ndani ya mbu mnamo Agosti 1897, huko Secunderabad nchini Uhindi. Wakulima wa Usambara hawakuwa na darubini wala hawakusikia habari za Secunderabad. Walikuwa na vizazi vya kutazama: aliyelala nyikani aliumwa na mbu, na siku kadhaa baadaye akaugua, aliyelala nyumbani mlimani hakuugua. Ujuzi huo haukuandikwa katika vitabu vya mafunzo ya wamisionari.

Kwa nini basi mbu wa mlimani hakuleta homa? Vimelea vya malaria vikiingia ndani ya mbu haviwezi kuambukiza mtu mwingine mara moja. Ni lazima kwanza vikue ndani ya mbu huyo, na kukua kwao hutegemea joto. Katika nyuzi 25 za sentigredi, vimelea vya malaria ile kali zaidi huhitaji siku 12 hivi. Katika nyuzi 20 huhitaji karibu siku 28. Katika nyuzi 18 huhitaji muda unaokaribia miezi miwili, na chini ya nyuzi 16 huacha kukua. Mbu wengi hawaishi muda mrefu hivyo. Kwa hiyo kwenye baridi mbu hufa kabla homa haijakomaa ndani yake.

Na joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Utafiti uliofanywa katika milima ya Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya nyanda za chini na uwanda wa juu maambukizo ya malaria hupungua kwa zaidi ya mara 1000. Tofauti hiyo yote imo katika safari ambayo mtu hodari wa mguu huweza kuitembea kwa siku moja.

Hapa tunaona uimara wa ulinzi wa milima na udhaifu wake kwa pamoja. Nyuzi mbili tu, kutoka 18 hadi 20, hupunguza nusu ya muda ambao vimelea vinauhitaji. Ongezeko ambalo mwili wa mtu haulitambui linatosha kumgeuza mbu asiye na madhara kuwa mbu wa kuogopwa. Tena watu wa milimani hawana kinga ambayo watu wa tambarare huipata kwa kuugua mara nyingi tangu utoto. Homa ikifika tambarare, huwaua zaidi watoto wadogo. Ikipanda mlima, humkuta mtoto, mama, na mzee wa kanisa, wote hawana kinga.

4. Jinsi Homa Ilivyopanda

Historia inaonyesha kwamba homa ilianza kupanda kabla watu hawajazungumza habari za kuongezeka kwa joto la dunia. Ilipandishwa na wanadamu. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ikiunganisha pwani na ziwa kupitia nyanda za juu ambazo zamani hazikuwa na wasafiri wengi kiasi hicho. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari wa Kinandi waliopigana katika nchi ambayo sasa ni Tanzania walirudi kwao na vimelea katika damu, na mlipuko wa malaria ukatokea katika nchi ya Nandi mwaka 1918 na 1919. Katika mashamba ya chai ya Kericho, vibarua waliotoka sehemu za ziwani walikaa pamoja na wenyeji wa baridi, na milipuko ikafuatana hadi miaka ya 1940. Ilitulizwa kwa dawa za kumeza na kwa kupulizia nyumba dawa za kuua wadudu.

Kilimo nacho kilikuwa na sehemu yake. Katika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mabonde yaliyojaa mafunjo yalikaushwa na kulimwa ili kulisha watu waliokuwa wakiongezeka. Watafiti waliopima joto katika vijiji vya huko mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuta kwamba usiku ulikuwa na joto zaidi kando ya mabonde yaliyolimwa kuliko kando ya vinamasi vilivyoachwa na mafunjo yake. Mkulima wa Kabale hakusubiri viwanda vya nchi za mbali vibadili tabia ya nchi. Jembe lake lilikuwa limekwisha kubadili kidogo tabia ya bonde lake mwenyewe.

Amani, katika Usambara ya Mashariki, ilikuwa na jambo kama hilo. Wajerumani walijenga taasisi yao ya utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, na kwa miaka mingi mahali hapo palijulikana kwa uhaba wa malaria. Mwaka 1987 Y. G. Matola na wenzake walitoa taarifa kwamba hali imebadilika na malaria imeongezeka. Katika kueleza sababu, walitaja kukatwa kwa misitu pamoja na kuongezeka kwa joto. Msitu huweka kivuli na ubaridi. Ukiondolewa, jua hufika kwenye dimbwi, na mbu aina ya anofelesi hupata mahali pa kutagia.

5. Mabishano ya Wataalamu

Tangu miaka ya 1990, malaria iliporudi kwa nguvu katika Kericho na kwingineko, wataalamu wamebishana juu ya chanzo chake. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya mahali pane: Kericho, Kabale, Gikonko nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Walisema kwamba kumbukumbu za hali ya hewa za kuanzia mwaka 1911 hadi 1995 hazionyeshi badiliko la maana. Wengine waliielekeza lawama kwa dawa ya klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea katika Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizichunguza upya takwimu za mahali pale pale, wakiongeza miaka iliyofuata hadi 2002, na wakaona kwamba joto lilikuwa limepanda. Waliongeza kwamba idadi ya mbu hukua kwa kiwango kikubwa kuliko ongezeko lenyewe la joto. Mwaka 2011 vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, vya miaka 30, vilionyesha ongezeko la karibu nyuzi 0.2 kila miaka 10. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine, uliofanywa katika nyanda za juu za Ethiopia na za Kolombia, ulionyesha kwamba katika miaka yenye joto malaria hupanda juu zaidi mlimani, na katika miaka ya baridi hushuka. Na mwaka 2023 watafiti waliokusanya kumbukumbu za mbu wa malaria wa Afrika tangu mwaka 1898 walikadiria kwamba makao ya mbu hao yamepanda kwa wastani wa mita 6.5 kila mwaka, yaani mita 65 katika miaka 10.

Anayesoma mabishano hayo asidhani kwamba upande mmoja ulikuwa wa waongo. Klorokwini ilishindwa kweli, na joto limepanda kweli. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa ya mseto. Watu wa Kericho walipatwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: ukuta wa baridi ulikuwa ukipungua, na dawa iliyokuwa akiba yao ilikuwa imeisha nguvu.

6. Mvua Ile Ile, Milima Miwili

Mvua kubwa za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zinatupatia somo jingine. Kabale ilipata mlipuko wa malaria mwanzoni mwa mwaka 1998. Wengi wangetazamia kwamba Usambara nayo ingepata mlipuko, kwa kuwa mvua huko ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Lakini watafiti waliokuwa wakifanya kazi Usambara walikuta kwamba malaria ilipungua. Walifikiri kwamba huenda mafuriko yaliyasomba mazalia ya mbu kabla mayai na viluwiluwi havijakomaa.

Basi mvua moja, iliyoletwa na bahari moja, ilikuwa na matokeo mawili kwenye milima miwili. Jambo hili linapaswa kutuonya sote tunaopenda maelezo mepesi. Haifai kutangaza katika mahubiri au semina kwamba mvua nyingi huleta malaria, kana kwamba hiyo ni sheria isiyo na kiwiko. Inatubidi tuuangalie mlima ulio mbele yetu: mteremko wake, mifereji yake, mashamba yake, na watu wanaoushuka na kuupanda.

7. Joto Lilipanda, Homa Ikashuka

Kuna ushahidi mmoja zaidi, nao una faraja. Katika Tanzania Bara na Zanzibar, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007–2008 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 18 hivi ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Mwaka 2017 kiwango hicho kilikuwa asilimia 7.3. Katika miaka hiyo hiyo joto halikupungua. Kilichobadilika ni vyandarua vyenye dawa, dawa ya mseto, vipimo vya haraka katika zahanati, na nyumba bora zaidi. Hivyo matendo ya wanadamu yaliyoipandisha homa ndiyo pia yanayoweza kuishusha, hata wakati tabia ya nchi inaisaidia ipande.

Lakini faraja hii ina masharti. Kati ya mwaka 1954 na 1959 ulifanyika Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya. Nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini, maambukizo yakapungua sana, na vifo vikapungua. Kisha upuliziaji ukakoma, na baada ya muda malaria ikarudi. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, nchi nyingi za Afrika zilikumbushwa jinsi vyandarua na dawa zinavyotegemea maamuzi yanayofanywa mbali nasi. Zamani kinga ikikatika, mtu wa milimani alibaki na baridi yake kama ulinzi wa mwisho. Kadiri joto linavyopanda, ulinzi huo wa mwisho unapungua, na pengo katika huduma litamgharimu kuliko lilivyomgharimu babu yake.

8. Hitimisho

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Martin Luther alibaki mjini pamoja na Johannes Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa. Mwaka huo alimwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau waraka juu ya swali kama Mkristo anaruhusiwa kuukimbia ugonjwa unaoua. Luther hakuwahukumu wote waliokimbia, wala hakuzidharau dawa na tahadhari. Kipimo chake kilikuwa jirani: je, aliyeondoka amemwacha mtu ambaye alikuwa na wajibu wa kumtunza?

Kipimo hicho kinatusaidia kuisoma upya historia ya vituo vyetu. Hapakuwa na kosa kujenga juu. Waliojenga huko walijenga pia hospitali na shule, nao wenyeji walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Lakini ulinzi wa mlima ulitufanya wengi tuamini kwamba malaria ni shida ya watu wa chini, na kwamba kibarua anayerudi kutoka mashamba ya tambarare ameileta kwa uzembe wake. Sasa mpaka baina ya juu na chini unasogea. Mwimbaji wa Zaburi ya 121 aliinua macho kuitazama milima, lakini hakusema kwamba msaada wake unatoka katika milima yenyewe.

Mambo matatu yanatupasa. Kwanza, tuzitunze kumbukumbu. Vitabu vya maziko vya sharika zetu, daftari za zahanati, na vipimo vya mvua vilivyoandikwa katika vituo vya zamani ni hazina ya historia. Kwa kuvilinganisha, wanafunzi wetu wanaweza kujua homa ilifika lini katika kijiji gani, na ilifuata nini. Vingi vinaliwa na mchwa katika makabati ya ofisi za sharika.

Pili, diakonia ya nyanda za juu isingoje mlipuko. Zahanati ya milimani isiyo na vipimo vya malaria kwa sababu ugonjwa huo ni nadra huko itawachelewesha wagonjwa siku ile utakapokuja, na wagonjwa wasio na kinga hawana siku nyingi za kungojea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe hujengwa juu ya makaburi.

Tatu, tuseme kweli juu ya wajibu bila kuutwika upande mmoja. Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa iliyorundikana angani imetoka katika nchi za viwanda, na Kanisa lina haki ya kulisema hilo mbele ya makanisa rafiki ya Ulaya na Marekani. Lakini msitu uliokatwa juu ya kijiji ulikatwa na watu tunaowafahamu, na kinamasi kilichokaushwa kina wenyewe. Kusema habari za nchi za mbali tu ni kuwanyima waumini sehemu ya kazi iliyo mikononi mwao. Na kusema habari za mkulima maskini tu ni kumtwika mzigo ambao hakuufunga peke yake.

Wazee wa Usambara walimjua mbu kabla ya maabara kumjua, kwa sababu walitazama kwa makini nani aliugua, na alikuwa amelala wapi. Katika sharika za milimani, kazi hiyo ya kutazama sasa yapaswa kufanywa tena: mchungaji na mganga wa zahanati wakae pamoja kila mwaka, wafungue daftari, na waulize ni nyumba ipi ya juu kabisa ambamo mtu ameugua homa bila kushuka tambarare.